Watoto Watano wa Nesi Beatrisi

Niseme mapema, usije ukanishika uongo huko mbele: mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia kwa bashasha kupita kiasi, najiuliza ana shida gani. Nikiletewa kitambaa nishone, nakipima mwenyewe hata kama mwenye nguo amekipima mbele yangu. Mume wangu husema serikali ilikosa askari wa upelelezi, Nachingwea ikapata fundi cherehani. Anatania, ila hakosei. Tabia hii iliwahi kuharibu jambo kubwa nyumbani kwetu, na lililoharibika halikuwa langu. Lilikuwa la Nesi Beatrisi.

Nesi Beatrisi ndiye mama aliyenilea. Alizaliwa Naipingo mwaka 1959, kwenye familia ya Wamakua waliovuka mto Ruvuma na mizigo kichwani wakaanza upya kwa mihogo na karanga. Alisoma kwa masista, akasomea uuguzi na ukunga, na mwaka 1981 akaanza kazi Nachingwea. Mwaka 1996 wakamhamishia Ruangwa, kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Namungo, chenye chumba kimoja cha kuzalishia na vitanda viwili, kimoja mguu wake ni tofali. Pale alizalisha wake za wakulima wa korosho na ufuta, wake za wachimbaji wa dhahabu, na wengine ambao hakujua ni wake za nani. Hakuuliza. Ukisimama sokoni Ruangwa leo ukaita "Beatrisi!" watageuka wasichana sita, na wawili kati yao ni watoto wa Kiislamu ambao babu zao waligomba sana siku ya kupewa jina.

Mama yangu mzazi aliitwa Sofia, mdogo wake wa mwisho. Baba yangu, Hassani, alivuka kwenda Msumbiji kutafuta kazi na hadi leo bado anaitafuta. Machi 1991, Sofia alijifungua mdogo wangu Adinani, akatokwa na damu, akafa kabla gari halijapatikana. Beatrisi alikuwa kwenye likizo ya uzazi, ana mtoto wake wa miezi minne, Fransisko. Walipotoka kuzika, alikaa mkekani, akampa Adinani ziwa la kulia na Fransisko la kushoto. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Nilisimama mlangoni nikimtazama, nikisubiri aseme kitu kuhusu mimi.

"Njoo ukae, Mwanaima," akasema. "Unazuia upepo."

Basi. Ndiyo sherehe yote ya kunichukua iliyofanyika. Kwetu hakuna zaidi ya hapo. Ukoo tunauhesabu kwa upande wa mama, na mtoto wa ndugu yako wa kike ni wako, hutakiwi kumwomba mtu ruhusa. Nilimwita mama. Alipompeleka Adinani kliniki, mhudumu aliandika kwenye kadi, "Jina la mama: Beatrisi," na hakuna aliyeona ajabu. Nilipochezwa unyago, yeye ndiye aliyekaa pa mama, akalia na kucheka pale mama anapotakiwa kulia na kucheka. Ukimuuliza ana watoto wangapi, alikwambia watano: mimi, Jonasi, Fransisko, Adinani, na Prisca aliyekuja mwaka 1994. Mume wake, Baba Eustakio, mtu mpole asiyetaka kutoka kwenye mikorosho yake kule Mtua, naye alisema watano bila kukwama.

Sasa huyo Gaudens.

Alikuja Juni 2002, watu wakiwa mashambani wanakung'uta ufuta. Alikuwa amevaa viatu vyeupe. Mtu anayekuja Ruangwa kiangazi na viatu vyeupe, nilijua palepale, hana mpango wa kukaa. Nilikuwa nimempelekea mama chakula cha mchana kituoni, nikamkuta huyo bwana amekaa kwenye benchi la wajawazito, mkoba mapajani, anafuta vumbi kwa leso.

"Mama, mimi natoka kwenye ofisi moja Dar es Salaam," alisema. "Tunawatafutia Botswana watumishi wa afya. Wana kazi ambazo watu wao wenyewe hawatoshi, na uuguzi ni mojawapo. Mkunga mzoefu ndiye wanamtaka zaidi. Wewe una miaka mingapi kazini?"

"Ishirini na moja."

"Wao wanataka mitano tu."

Akaeleza. Mkataba wa miaka mitatu, unaoweza kuongezwa. Ukipata mkataba unaombewa kibali cha kazi, na pamoja nacho kibali cha ukaazi, ili uishi kule kihalali na siyo kwa kujificha. Mume na watoto walio chini ya miaka kumi na minane wanaingia chini ya kibali chako, wanaishi nawe, wanasoma kule. Kinachotakiwa ni cheti cha uuguzi, cheti cha usajili, barua ya mwajiri, alama za vidole kutoka polisi, na kupimwa afya.

"Na vyeti nitavichukua vyenyewe, mama. Siyo nakala. Vinahakikiwa Dar."

Bashiri, mtunza stoo ya dawa, aliyekuwa anajifanya anahesabu chupa karibu na mlango, akakohoa. Mimi pia nikakohoa. Mama hakusikia kikohozi cha mtu. Alikwenda nyumbani, akarudi na bahasha yake ya vyeti, akamkabidhi mtu wa viatu vyeupe kazi yake ya miaka ishirini na moja.

"Nesi, umepigwa changa la macho," Bashiri alimwambia mgeni alipoondoka. "Umeingizwa mjini ukiwa hapahapa Ruangwa."

"Kaniandikia karatasi kwamba amevipokea."

"Karatasi! Hata mimi naweza kukuandikia kwamba nimeupokea mwezi na nyota zake."

Mama akacheka, akaendelea kuchemsha vifaa vyake. Jioni ile nilimfuata jikoni, nikamuuliza kama amerogwa.

"Mwanaima, nimeomba glavu miaka ishirini na moja," akasema. "Nimeomba taa, nimeomba dripu, nimeomba kitanda chenye miguu minne. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuja hapa akaniomba mimi."

"Na sisi?"

"Nyie mnafanyaje?"

"Tunakwenda wote?"

"Wote. Nikiwaacha, nitakwenda kule kufanya nini?"

Fomu aliijaza mezani, mbele yetu, kwa ule mwandiko wake wa duara. Baba Eustakio alisema yeye atafuata baadaye, akishavuna, na wote tulijua kwamba mikorosho haimalizi kuvunwa. Kwenye sehemu ya watoto mama aliandika majina matano na tarehe za kuzaliwa kama zilivyo. Hakuficha kitu, kwa sababu hakuona kitu cha kufichwa. Mimi niliyejifanya hodari wa kuchunguza nilikaa ubavuni kwake nikisoma kila mstari, na wala sikuona.

Ikapita Julai, vyeti havijarudi. Bashiri alikuwa anamsalimia mama kila asubuhi kwa kumuuliza Botswana hawajambo. Mimi nilikuwa nimeshamhukumu Gaudens na kumfunga. Niliwaza vyeti vya mama vimeshauzwa, na kwamba mahali fulani kuna mwanamke asiyejua hata kukata kitovu anayejiita Beatrisi. Halafu katikati ya Agosti Gaudens akashuka kwenye basi, akaja moja kwa moja nyumbani, akavitoa vyeti kwenye mfuko wa nailoni, kimoja kimoja, havina hata kunjo. Nakiri kwamba nilikasirika kidogo kukuta si mwizi.

"Umepita, mama," alisema. "Wanakutaka hata kesho. Lakini kuna mahali tumekwama." Akaifungua fomu, akaweka kidole. "Fransisko, Novemba 1990. Adinani, Machi 1991. Na kadi za kliniki zote mbili zina jina lako. Mama, samahani, wewe ni mkunga. Unajua mimba inachukua muda gani."

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Kweli kabisa! Sikuliona hilo."

"Umewazaa wote?"

"Wote wangu."

"Sijakuuliza hivyo, mama. Kule wanaandika mtoto wa kumzaa, au mtoto uliyepewa na mahakama. Hawana nafasi ya mwingine. Sasa wanajiuliza: huyu mama kadanganya tarehe, au anavusha watoto wa watu?"

Mama akaacha kucheka. Akaniona nimesimama na sinia la chai. "Mwanaima, kaangalie mboga," akasema, na mboga tulikuwa hatujaibandika.

Nilikwenda jikoni nikaegemea ukuta. Walishusha sauti. Nilichopata ni vipande tu. Nilimsikia Gaudens akisema, "bila hao wawili ni rahisi." Nikasikia mama akisema kitu kirefu ambacho sikukishika, halafu Gaudens tena, "basi muda ni wako mwenyewe." Hao wawili tulikuwa mimi na Adinani, hilo halikuhitaji kupelelezwa. Kuanzia saa ile shuku yangu yote ilimwacha Gaudens ikamhamia mama.

Ukishaanza kutafuta, unapata. Septemba akaja mjomba Saturnini kutoka Naipingo kwa baiskeli. Yeye ni kaka mkubwa wa mama, na kwa desturi yetu neno la mjomba juu ya watoto wa dada zake ni zito kuliko la baba. Kiswahili chake ni cha kuhesabu, mara nyingi anasema Kimakua, lakini siku hiyo alisema Kiswahili ili na sisi watoto tusikie.

"Wewe nenda," alimwambia mama. "Nenda na watatu. Hawa wa Sofia, wawili, wakae kwangu. Ukoo wote usiende. Ukienda wote, harudi mtu."

"Nimesikia, kaka," mama akajibu, macho chini.

Nimesikia! Nilitaka nimrukie. Leo ninajua kwamba mwanamke wa kwetu akimwambia kaka yake mkubwa "nimesikia," amemheshimu tu, hajamkubalia kitu. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, na nilijiona ninajua yote.

Siku moja mama akiwa zamu, nilipekua. Niliikuta fomu mpya chini ya godoro, imeandikwa na Gaudens, siyo mwandiko wa mama. Majina yalikuwa matatu: Jonasi, Fransisko, Prisca. Chini yake palikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo niliyasoma mara tatu ili nisikosee: ninathibitisha kwamba hawa ndio watoto wangu wote. Mahali pa saini palikuwa pamebaki wazi. Sikulipa uzito lile la kubaki wazi. Niliirudisha, nikatandika godoro vizuri, nikatoka uani nikatwanga mahindi kwa hasira mpaka jirani akauliza kama kinu kimenikosea.

Kumuuliza? Sikumuuliza. Niliona nikiuliza nitadanganywa, na niliapa sitampa nafasi ya kunidanganya. Nikawa namvizia tu. Oktoba aliwapeleka Jonasi, Fransisko na Prisca kupiga picha ndogo za paspoti siku ya Jumatatu. Mimi na Adinani alitupeleka Alhamisi.

"Kwa nini hatukwenda siku moja?" nilimuuliza njiani.

"Zenu ni za faili lingine."

"Faili gani?"

"Faili lenu. Leo una maswali, wewe." Akanirekebisha kola, akaniambia nisinune, picha itatoka mbaya. Nilinuna. Picha ile ninayo, na kweli ni mbaya.

Nilimwambia Adinani kwamba tunaachwa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, ana mpira mguuni muda wote. Akanitazama kama niliyemwambia mto umepanda mlima. "Mama? Atuache? Acha zako, dada," akasema, akaendelea na mpira wake. Nilimfinya, akalia, mama akanigombeza, na hilo nalo nikaliweka kwenye ushahidi.

Wiki ya kwanza ya Novemba akaja mama mmoja afisa ustawi wa jamii, mwenye miwani na daftari kubwa. Mama alimkaribisha barazani kwa heshima zote. Kisha afisa akasema utaratibu unamtaka azungumze na mtoto mkubwa peke yake, mama akaenda jikoni. Hakuna aliyenieleza amekuja kufanya nini. Nilijieleza mwenyewe. Nilijua huyu amekuja kutuandikisha, mimi na Adinani, kwa mjomba Saturnini, au kwenye nyumba ya watoto yatima, ili mama aondoke bila mzigo. Nikasema moyoni, hawanipati nikiwa nalia. Nitawatangulia.

"Mwanaima, unaishi na nani hapa?" akauliza kwa upole.

"Na mama yake Jonasi."

Aliinua macho. "Na mama yako wewe ni nani?"

"Mama yangu alikufa."

"Huyu mama aliyenikaribisha, wewe unamwitaje?"

"Ni dada wa marehemu. Ana watoto wake watatu."

"Anakulea vizuri?"

Hapa ndipo ninapojichukia. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema kweli, kwamba nguo niliyovaa alinishonea kwa mkono, kwamba nilipougua degedege alinibeba mgongoni hadi hospitali na viatu vikamkatikia njiani. Nilisema, "Anawatofautisha watoto. Sitaki kwenda naye popote."

"Una uhakika, mwanangu? Haya ninayaandika."

"Andika."

Akaandika. Mama alitoka jikoni na chai na mihogo ya kukaanga, uso umemng'aa, akauliza, "Mmezungumza vizuri?" Yule afisa alivua miwani akaifuta. "Tumezungumza, mama," akasema. Mihogo hakuigusa. Siku ile, Mungu anisamehe, nililala usingizi mzuri kuliko siku zote za mwaka ule.

Kilichofuata kilinichanganya, maana mama hakubadilika kama nilivyotarajia. Sikusikia maneno ya kuagana wala kuona mizigo. Mara mbili nilimkuta ameshika ufagio amesimama, hafagii. Desemba Gaudens alikuja tena, wakakaa ofisini kituoni na mlango umefungwa, na aliporudi mama alikwenda kulala bila kula. Mwisho wa Januari ikaja bahasha ya kaki yenye mihuri. Bashiri ndiye aliyeipokea, akaizungusha mtaa mzima kabla haijafika kwetu, kwa hiyo watu walitupongeza hata kabla hatujaifungua. Kibali kilikuwa kimetoka, mama na watoto watatu. Alitakiwa awe Dar es Salaam kabla ya tarehe ishirini na nane Februari.

Mimi nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia siku atakayofunga sanduku. Niliyakariri kama shairi la shule. Februari ikaingia, mvua zikaanza kukata barabara, mama akafua sare zake nyeupe akazianika, akaenda zamu. Ikafika tarehe ishirini. Akaenda zamu. Nikawaza, anatuvizia, ataondoka tukiwa shule, na siku tatu nzima sikwenda shule. Nilishinda mlangoni nikimlinda mtu anayetoka na kopo la chai asubuhi na kurudi nalo jioni.

Tarehe ishirini na sita, Gaudens akatokea amepanda lori la mbao, viatu vyake tope tupu, hasira imemjaa usoni. Alinikuta peke yangu.

"Mama yako yuko wapi? Nimemwandikia barua mbili hajibu. Nafasi yake wataipa mtu mwingine keshokutwa!"

"Si mama yangu," nikasema. Nilikuwa nimeshalizoea.

"Wewe ndiye Mwanaima."

"Ndiye."

"Kumbe wewe." Akaketi kwenye ngazi, hakunisubiri nimkaribishe. "Nimefanya kazi hii miaka sita. Wote nikiwaambia andika upya, toa hawa, wanatoa. Mtu kanitolea hadi mume. Mama yako nilimpa karatasi ya watatu mwezi wa nane, akaipokea, akaniambia hasaini, ana njia nyingine. Akaenda mwenyewe mahakamani kuulizia ulezi wenu, wewe na mdogo wako. Kakusanya barua ya mtendaji, picha, kadi, kila kitu. Hakimu alikuwa anataka kitu kimoja tu, taarifa ya ustawi, kwamba mtoto mwenye akili zake anakubali. Kitu kimoja! Nimeisoma ile taarifa, binti. Nimeyasoma maneno yako."

Sikumwaga machozi pale. Kwanza nilimshuku. Nilimwambia anadanganya. Akafungua mkoba akanionyesha nakala, jina langu limepigwa chapa, na maneno yangu chini yake, neno kwa neno, hata lile la kuwatofautisha watoto.

Nilikimbia mpaka kituoni bila kandambili. Mama alikuwa nyuma ya jengo, anafua glavu. Tulikuwa tunazifua wakati ule, tunazianika kwenye kamba, zinatumika tena. Aliniona nilivyo, akajua.

"Gaudens kafika," akasema.

"Mama, kwa nini hukuniambia faili lile ni la nini?"

"Ningekwambiaje?" Aliikamua glavu, akaipuliza kuona kama ina tundu. "Nikae nawe nikwambie, Mwanaima, hakimu anataka kupima kama wewe ni mwanangu? Nilisema wacha limalizike kimyakimya, usije hata ukajua kwamba kuna mtu aliuliza. Nilikosea."

"Mimi ndiye niliyekosea! Nitakwenda kwa yule afisa, nitamwambia nilidanganya."

"Tarehe ni ishirini na sita."

"Basi nenda hivyohivyo. Lori la Gaudens linarudi kesho. Nenda na akina Jonasi, mimi na Adinani tutakaa kwa mjomba. Kibali unacho. Mama, unacho, kimetoka..." Hapo nikasimama katikati ya maneno, kwa sababu akili yangu ya kuchunguza, ambayo hailali hata kwenye msiba, ilikuwa imeshika kitu. Kibali cha watatu kisingetoka bila ile karatasi. Na ile karatasi, nilipoiona chini ya godoro, ilikuwa haina saini.

Akaona nimefika. Hakunikwepa.

"Niliisaini," akasema. "Desemba, taarifa ilipotoka. Gaudens alikaa upande ule wa meza, mimi upande huu. Nilijiambia wewe umeshasema hutaki, na Adinani atakuwa na mjomba, na miaka mitatu si mingi. Nikashika kalamu, Mwanaima. Imeandikwa hawa ndio watoto wangu wote, nikaandika jina langu chini, vizuri kabisa, kama ninavyoandika kwenye kadi za kliniki."

Kumbe nilikuwa sahihi. Miezi yote ile ya kuvizia na kupekua na kununa, mwishoni nilikuwa sahihi, na sijawahi kuuchukia usahihi kama siku ile. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa pa kuanzia, maana kalamu ile nilikuwa nimeishika pamoja naye.

"Sasa kama ulisaini, mbona huendi?" nikamuuliza.

Alianika glavu ya mwisho, akafuta mikono kwenye aproni.

"Kwa sababu nilisaini," akasema, akachukua beseni lake akaingia ndani, kulikuwa na mwanamke mwenye uchungu anamwita.